Furu ya umeme inarusha disjonkteri: tuangalie nini mbele ya kuita fundi



Mara hii hatutaongea mbolea wala mbegu. Tangu mvua ianze, swali moja linarudi ku mikutano: koperative ilinunua furu ya umeme ya kuoka mikate, bunga ya ngano pamoja na bunga kidogo ya muhogo wa mashamba yetu, furu ikafanya kazi muzuri kiangazi chote, na sasa kila ikiwashwa disjonkteri inaruka na nyumba yote inabaki mu giza. Kuko furu ambazo ziko na wiki kadhaa zimefunikwa na gunia ku kona. Bunga iko, wateja wako, lakini bamama wamerudi ku makala, na bei ya gunia ya makala hapa Lubumbashi kila mutu anaijua. Anajua pia miti ya makala inatoka wapi: pori la miombo linasogea mbali na muji kila mwaka.

Mimi ni agronome, si fundi umeme, na somo hili halimufundishi mutu kufungua furu. Linafundisha kuangalia, kujaribu bila hatari, na kumweleza fundi mambo ya kweli ili asikuuzie furu mpya wakati shida ni kitu kidogo. Jambo moja tuliweke wazi toka mwanzo, juu nimeliona mu nyumba zaidi ya moja: disjonkteri ikiruka mara nyingi, mutu anachoka, anachukua kipande cha waya na kuunganisha moja kwa moja, umeme upite bila kuguswa. Furu inawaka, mikate inaiva, kila mutu anafurahi. Lakini umeme ule uliokuwa unavuja bado unavuja. Sasa hakuna wa kuukata, na mama wa kwanza atakayeshika mulango wa furu na mikono ya maji, miguu bila viatu ku simenti, njo yeye atakayeupokea.

Disjonkteri inaruka kwa nini

Kuko sababu tatu, na hazifanani.

Ya kwanza ni muzigo mukubwa. Hesabu yake ni nyepesi: wati gawanya kwa volti, unapata ampere. Furu ya wati 3000 ku volti 220 inakula karibu ampere 14. Kama disjonkteri ya ile laini ni ya ampere 16, furu peke yake inapita bila shida. Mama akiongeza resho ya wati 1500, ni karibu ampere 7 tena. Tuko juu ya 20. Hapo disjonkteri hairuki mara moja, inachukua dakika kadhaa, inapata moto kidogo kidogo, halafu inaanguka. Dawa yake haina fundi: resho na furu zisifanye kazi saa moja ku laini moja. Kubadilisha disjonkteri ya 16 na kuweka ya 32 bila kubadilisha waya si dawa. Ni kuhamisha moto kutoka ku disjonkteri kuupeleka ndani ya ukuta.

Ya pili ni waya mbili kugusana. Hii unaisikia: "paa!", harufu ya plastiki, alama nyeusi ku prizi. Disjonkteri inaanguka papo hapo. Usiinue mara ya pili. Chomoa furu, ita fundi.

Ya tatu njo inayotusumbua mwezi hii, na njo watu wanaielewa kidogo: umeme unaovuja. Fikirini mufereji wa maji unaopita mu shamba. Mulinzi mumoja anapima maji ku mulango wa kuingia, mwengine anapima ku mulango wa kutokea. Kama hakuna tundu, vipimo viwili ni sawa. Kikipunguka cha pili, maji yamepita pengine. Disjonkteri ya diferansieli inafanya vile vile: inapima umeme unaoingia kwa waya wa fazi na umeme unaorudi kwa waya wa netri. Ikiona tofauti, inakata, na inakata kwa haraka sana, chini ya sekunde moja. Haijali kama furu inakula ampere 2 ao 14. Inajali tu kile ambacho hakikurudi.

Angalieni namba iliyoandikwa juu yake. Kama ni 30 mA (ao 0,03 A), ile inalinda batu. Miliampere 30 ni kidogo sana, haifiki kuwasha ampuli ya wati 10, lakini ikipita mu kifua cha mutu kwa muda inaweza kuvuruga moyo. Kama ni 300 ao 500, ile inalinda nyumba isiungue, haimulindi mutu anayegusa. Na kama hamuoni namba ya miliampere wala kitufe kidogo chenye herufi T, basi hamna diferansieli kabisa, muko na disjonkteri ya kawaida tu. Kile kitufe cha T ni cha kujaribia: ukikifinya, inapaswa kuanguka. Ifinyeni mara moja kila mwezi. Isipoanguka, imekufa, hata kama umeme unapita.

Kwa nini mu masika zaidi

Hapa agronome anaweza kusema kitu. Ndani ya furu, ile bomba ya chuma inayokuwa nyekundu inaitwa rezistansi. Katikati yake mumepita waya mwembamba uliozungushwa sawa springi, na kati ya ule waya na chuma cha inje wameshindilia poda nyeupe ya manyezia. Poda ile inapitisha joto lakini inazuia umeme. Ikiwa kavu. Shida yake ni kwamba inapenda maji. Inayanywa mu hewa, kupitia ncha mbili za rezistansi, polepole.

Wote munajua mahindi. Unayakausha mu mwezi wa tano mpaka asilimia 13, unayaweka mu depo, halafu mwezi wa kwanza unafungua gunia unakuta yamelainika na kuvu imeanza. Hakuna mutu aliyemwagia maji. Yameyavuta mu hewa. Manyezia iko vile vile. Furu inayowaka kila siku inajikausha yenyewe kwa joto lake. Furu iliyolala wiki tatu mu depo yenye ubichi, kati ya Novemba na Machi, inaamka na rezistansi iliyokunywa maji, na siku unaiwasha umeme unapita mu poda, unafika ku chuma, unashuka ku waya wa tere. Disjonkteri inaruka. Mutu anasema furu imekufa, kumbe haijafa.

Kuko pia wadudu. Furu nyingi za koperative zinalala mu depo moja na bunga. Bunga inaleta panya na mende. Panya anakula plastiki ya waya, mende anaingia nyuma ya furu kwenye sanduku ndogo ambamo kabule inafungwa, kwa sababu kule kuko joto. Ongeza vumbi la bunga lililonyonya ubichi, unapata njia ya umeme kupita. Nyuma ya furu kusafishwe kwa burashi kavu, furu ikiwa imechomolewa, hata kama inafanya kazi muzuri.

Kujaribu, hatua kwa hatua

Vaa viatu vikavu, mikono ikauke, simama juu ya ubao kama chini kuko maji. Kama umewahi kusikia furu "inapiga" ukigusa, hata kidogo kama sisimizi, usijaribu kitu. Chomoa na ita fundi.

Kwanza chomoa vitu vyote mu nyumba: furu, frigo, televizio, pompi, chaja. Inua disjonkteri. Ikianguka na hakuna kitu ku prizi hata kimoja, furu haina kosa. Shida iko mu waya za nyumba, pengine prizi ya inje inayonyeshewa, ao waya uliopita chini ya mabati yanayovuja. Wengi wanabeba furu kwa fundi bure kwa sababu hawakuanza hapa.

Ikisimama, chomeka furu peke yake, moja kwa moja ku prizi, bila ralonzi, vifungo vyote viko ku sifuri. Ikianguka hapo hapo, angalia upande wa kabule: inapoingia mu furu, inapopita karibu na chuma cha moto, mu sanduku la nyuma. Ikisimama, washa rezistansi ya chini tu. Halafu zima, washa ya juu tu. Halafu feni, kama iko. Ile inayoangusha disjonkteri umeijua, na hii habari moja inamupunguzia fundi kazi ya nusu siku.

Inaweza kutokea isianguke mara moja, ianguke kisha dakika 10 ao 20, furu ikiwa imepata moto, na hakuna kitu kingine kinachofanya kazi mu nyumba. Hapo rezistansi iko na ufa: chuma kinatanuka na joto, ufa unafunguka, umeme unapata njia. Ikipoa, ufa unafungika na furu inaonekana mzima. Ile haikaushwi, inabadilishwa.

Na kuko kisa kimoja kinachochanganya hata bafundi: furu imezimwa, iko ku prizi tu, na disjonkteri inaruka wakati unawasha resho. Watu wanalaumu resho. Mara nyingi ni waya wa netri ndani ya furu unaogusa chuma. Kifungo cha furu kinaweza kukata fazi peke yake, netri inabaki imeunganishwa. Resho ikiwaka, sehemu ndogo ya umeme wake unaorudi inapita kwa chuma cha furu badala ya kurudi kwa njia yake. Chomoa furu. Kama resho sasa inafanya kazi bila shida, umepata jibu.

Usijaribu zaidi ya mara mbili tatu. Kila matokeo yaandikwe mu kaye ya koperative: tarehe, mvua ilinyesha ao hapana, kifungo gani, dakika ngapi.

Kukausha rezistansi

Kama dalili zote zinaonyesha ubichi (furu ililala, ni masika, inaanguka mara tu rezistansi moja inawashwa), fundi anaweza kuitoa ile rezistansi na kuikausha mu furu nyingine, joto la digri 120 hivi, kwa saa kadhaa. Ao anakata waya za ile moja, anafunika ncha zake vizuri, anawasha furu kwa rezistansi nyingine iliyo nzima, na joto lake linakausha ile mugonjwa. Jua peke yake halitoshi, hasa mu Januari yetu. Kuko bafundi wanaotoa waya wa tere kwa nusu saa "ili furu ijikaushe". Mimi sikubali. Mu ile nusu saa mwili wote wa furu unaweza kuwa na umeme, na nyumba ya koperative haikosi watoto.

Baada ya kukausha, ipimwe. Multimetri ndogo ya soko inaweza kusema "muzuri" wakati si muzuri, kwa sababu inapima kwa volti ya pili yake ndogo. Inafaa kifaa kinachopima kwa volti 500. Hesabu ya kukumbuka: volti 220 gawanya kwa 0,03 inatoa karibu omu 7300. Chini ya hapo, disjonkteri ya miliampere 30 lazima iruke. Na inaruhusiwa kuruka toka miliampere 15, kwa hiyo hata omu 14 000 ni mashaka. Rezistansi nzima iko mbali sana na hizo namba, inapita omu milioni moja. Tena, mivujo inajumlishwa: frigo ya zamani kidogo, pompi kidogo, furu kidogo, kila moja haina kosa, pamoja zinaangusha.

Kama imekaushwa na kisha siku chache imeanza tena, badilisheni rezistansi. Mpya iwe na wati zile zile na volti 220. Kwa kuhakikisha ile munayouziwa ku soko: rezistansi ya wati 1200 inapimwa karibu omu 40 kutoka ncha moja hadi nyingine.

Ili shida isirudi, washeni furu nusu saa kila wiki mu masika, hata kama hakuna oda ya mikate. Iinuliwe juu ya paleti kama munavyofanya na magunia, mbali na ukuta. Isioshwe kwa kumwagia maji; kitambaa kibichi kilichokamuliwa kinatosha.

Waya wa tere

Batu wengi wananiuliza kama wanaweza kuuondoa ule waya wa kijani na manjano, juu ukiondolewa furu inaacha kurusha. Ni kweli inaacha. Umeme uliokuwa unashuka mu bulongo unabaki juu ya chuma, unangoja. Disjonkteri itaruka sasa siku mutu atakapogusa, yaani mutu njo amekuwa waya wa tere. Akiwa na bahati na disjonkteri ya 30, atapigwa na kuruka nyuma. Akiwa na ile ya 500, sitaki kuandika.

Nyumba nyingi za zamani za muji wetu, na karibu zote zilizojengwa haraka ku Annexe, hazina tere kabisa. Inawekwa: fimbo ya shaba ao ya chuma cha galva, metre moja na nusu ao mbili, mu bulongo. Hapa mulimaji anajua kuliko fundi. Chagueni pahali bulongo haukauki, karibu na maji ya kuogea yanapomwagika ao ku mugomba, juu mu mwezi wa nane bulongo mwekundu ukikauka unapitisha umeme vibaya sana. Mukigonga jiwe jekundu la chini kwa nusu metre, musilazimishe: chimbeni mufereji murefu na mulaze waya wa shaba ndani yake. Bafundi wengine wanamwaga chumvi ili tere "ishike". Inashika kweli, lakini mvua inaibeba mpaka ku mboga, na inakula fimbo. Vumbi la makala lililochanganywa na udongo wa mufinyanzi linashika maji bila kuua bustani. Fundi akimaliza, aipime: pamoja na disjonkteri ya miliampere 500, tere isipite omu 100.

Umeme ukiwa zaifu

Wengine wanasema disjonkteri inaruka kwa sababu volti ziko chini. Kwa furu, hapana. Furu ya wati 3000 ikipewa volti 170 inakula ampere 10 na nusu tu na inatoa wati karibu 1800; mukate unachelewa, unakauka mbele ya kuiva, lakini disjonkteri inatulia. Pompi na frigo njo zinazoteseka na volti ya chini, zinakula ampere zaidi. Volti zikipanda mpaka 250, ile furu inafika ampere 15 na nusu, karibu na mwisho wa disjonkteri ya 16. Na umeme ukirudi kisha delestaji, kila kitu kinaamka pamoja. Zima furu umeme ukienda, na ukirudi ngoja dakika tano.

Ralonzi pia: ile nyembamba ya televizio, ya milimetre 0,75, si ya furu. Waya wa furu ya wati 3000 ni milimetre 2,5. Ukishika ralonzi na kusikia joto, jibu umelipata.

Na donge la mikate?

Mama mumoja aliuliza hili ku mukutano na hakuna aliyemujibu, kwa hiyo ninalijibu hapa. Umeme ukikatika mikate ikiwa mu furu, usifungue mulango. Joto lililobaki linaweza kumalizia mikate midogo iliyokwisha kupata rangi. Kama donge bado liko mu beseni, lifinye kutoa hewa, lifunike na kitambaa kibichi, liweke pahali pa baridi chini ku simenti. Linangoja saa moja, mbili. Lenye bunga ya muhogo mingi, kupita asilimia 20, linangoja vibaya, linaanguka na halipandi tena. Likifika hapo, ongeza maji na sukari kidogo, pasha mafuta ku mbabula, na uuze vitumbula.